Kijiti Kimoja Pungufu

Wiki iliyopita humu gazetini niliwaacha mikono yangu ikiwa kooni mwa mkwe wangu Saman. Wengi mmeuliza kama nilimuua. Sikumuua. Nia nilikuwa nayo, pumzi ndiyo iliyonisaliti.

Kwa mliofika leo: naitwa Inpan, nina miaka hamsini na minne, na tangu nikiwa na kumi na sita nachonga vinu vya mawe huku kaskazini mwa Thailand. Kijiji chetu chote kinachonga vinu. Vinu huenda nchi nzima, vumbi lake hubaki kwetu, vifuani. Daktari alinionyesha picha ya kifua changu akasema mapafu yamekuwa magumu na hayatarudi kulainika. Kutoka kitandani hadi chooni napumzika mara mbili.

Siku ile Saman alikuwa chini ya nyumba anakata jiwe kwa mashine. Kavu kavu, bila kumwagia maji, vumbi linapanda kwenye mbao za sakafu hadi alipolala binti yangu Onsi, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba. Nilishuka na nyundo, nikaipasua mashine, kisha nikamrukia yeye.

Naye akanipiga ngumi moja ya kifua. Moja tu, wala si kubwa.

Nilianguka juu ya vinu, kichwa kikapasuka, damu ikaniingia jichoni. Damu haikunishughulisha. Nilifungua mdomo nivute hewa, na hewa haikuja.

"Umemuua baba yangu!" Onsi alipiga kelele kutoka ngazini.

"Kaanza yeye! Tazama shingo yangu!"

"Shingo kitu gani, mbuzi wewe! Lete mtungi!"

Mke wangu Bualoi alikuja mbio na mtungi wa oksijeni, akanibana barakoa usoni hadi pua ikauma, huku anamtukana Saman, ananitukana mimi, anawatukana mababu wa pande zote mbili.

Sasa nakiri. Pale chini, hewa ilipokataa kabisa, sikuogopa. Nilifurahi. Na hewa iliporudi nililia, Bualoi akadhani nalia kwa maumivu.

Wazo hilo nilikuwa nalo tangu mvua zilipoanza. Lilikuwa linanijia nikiwa nimeshika ukingo wa ngazi, najiuliza kama nitafika kipandio cha nne. Lilikuwa linanijia Bualoi akinivisha suruali kama mtoto. Linaniambia, mpunguzie mzigo huyu mwanamke. Nikaishia kuchagua siku, nikachagua na namna. Namna siiandiki. Najua gazeti hili linasomwa na watu wanaokohoa kama mimi, na sitaki kuwa mwalimu wao.

Jioni hiyo mama mkwe wangu akatoa amri. Ana miaka themanini, macho yake yamekwisha, lakini nyumba ni yake. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo nimeamrishwa na bibi huyu kwa miaka thelathini.

"Tumfanyie ibada ya kurefusha maisha," alisema. "Keshokutwa, hekaluni."

"Mama, maisha yenyewe haya mnayarefusha ya nini?"

"Kimya wewe. Hukuulizwa."

"Nani atakata vijiti?" Bualoi akauliza.

"Nitakata mwenyewe," nikasema.

Bualoi alifurahi mpaka akanishika shavu. Alidhani nimeanza kutamani kuishi.

Nilikaa barazani na kisu na mianzi. Unakata kijiti kimoja kwa kila mwaka ulioishi, halafu kimoja cha ziada, cha mwaka unaouomba. Vijiti hamsini na vinne vilinilia asubuhi nzima. Cha hamsini na tano nilikishika, nikakitazama, nikakitupa motoni jikoni.

Mtasema, mpumbavu huyu, si angekata tu akanyamaza? Nimemdanganya mke wangu kwamba usiku nalala. Nimemdanganya daktari kwamba dawa navuta. Lakini kwenda mbele ya Buddha kuomba mwaka ambao nimeshaukataa, hilo lilinishinda. Nikavifunga tita moja kwa uzi mweupe, nikajua hakuna mtu duniani anayehesabu vijiti.

Ukumbi wa hekalu ulijaa. Nilikalishwa chini ya miti mitatu mirefu iliyoegemezana, imefungwa miwa na machipukizi ya migomba. Uzi mweupe ulitoka mikononi mwa mtawa, ukapita juu ya miti ile, ukanizunguka kichwani mara tatu. Nilionekana kama kuku anayesubiri mnunuzi.

Mkono wangu wa kulia alikaa Tui, mchongaji mwenzangu, naye kifua chake kinapiga filimbi. Nyuma ya Tui alikaa dada yangu Saengda, amenyoa nywele. Mume wake Kaewma, aliyenifundisha kushika tindo, alianguka machimboni mwaka jana akafa. Siku hiyo dada ndiye aliyemtuma huko, akalete tindo alizozisahau. Tangu hapo hajawahi kula akashiba. Akishika kijiko anasema, nilimtuma mimi.

Mtawa alisafisha koo. Bualoi akaliinua tita langu alipeleke mbele.

Uzi ukalegea. Vijiti vikamwagika ukumbi mzima.

"Taratibu, taratibu," watu wakasema. Mama mkwe akatambaa kwa magoti, anapapasa sakafu, anaviokota kimoja kimoja na kuvihesabu kwa sauti, maana asiyeona hana njia nyingine ya kujua kama amemaliza.

"Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Hamsini na nne." Akapapasa tena. "Kimoja kimekwenda wapi? Inua goti, Tui, pengine umekikalia."

"Mama, nilichokalia ni changu nilichozaliwa nacho."

Ukumbi ulicheka. Hata mtawa alificha mdomo kwa upepeo. Watu wakainua mikeka, wakakung'uta sketi. Saman akachungulia chini ya meza ya maua.

Bualoi hakutafuta. Alisimama pale pale ananitazama, na nikaona uso wake unabadilika.

"Baba Onsi. Ulikata vingapi?"

"Nimekosea hesabu, mama Onsi. Mgonjwa mimi."

"Huyu hakosei hesabu," aliwaambia watu, bado ananitazama mimi. "Huyu akichonga anahesabu mapigo ya nyundo. Miaka thelathini nalala na mtu anayehesabu hadi usingizini. Nimekuuliza, ulikata vingapi?"

"Hamsini na vinne."

Kofi la kwanza sikuliona. La pili nililiona nikaliacha lije. La tatu nikaudaka mkono wake nikamsukuma, naye akaangukia meza ya maua, mishumaa ikabingirika, mkeka ukashika moto. Saman akanirukia kutoka nyuma. Nikampiga kiwiko cha mdomo, jino likaruka, likatua karibu na goti la mtawa. Akanivuta, nami nikavuta, na ule uzi wa kurefusha maisha ukashuka kutoka kichwani ukanikaba shingo. Wanawake wakapiga uyowe. Uzi ukakatika.

"Inatosha!" mtawa alisema. "Hapa ni hekaluni!"

"Baba mtawa, wewe kaa," mama mkwe akamjibu. "Haya ni ya nyumbani."

Tui alikuwa anaukanyaga ule moto kwa miguu mitupu, anaruka ruka na kutukana.

"Ndiyo!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka vipande vipande, kila neno na pumzi yake. "Nataka. Kufa. Nimechoka. Kuomba hewa. Kama ombaomba."

Mlio wa kifua changu ukasikika hadi mlangoni.

Bualoi aliinuka kutoka kwenye maua. Damu inamtoka nyusi, nta imemgandia mkononi.

"Na mimi je? Umeniuliza mimi kama nimechoka?"

"Ndiyo maana. Nakupunguzia. Mzigo."

"Nani kakwambia wewe ni mzigo? Nikitaka kuutua nitautua mwenyewe! Ulitaka kunitua wewe, bila hata kuniaga? Nikukute wapi? Nikukute umekuwaje? Sema!" Alinikamata shati hapa kifuani, akalizungusha ngumini mpaka vifungo viwili vikatoka. "Kuanzia leo sikuachii. Ukienda chooni tunakwenda wawili. Ukienda kuzimu tunakwenda wawili. Umesikia?"

Nilisikia. Nitasema ukweli kwa sababu nimeahidi kusema ukweli humu: kule kushikwa kulinipendeza. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wananishika kama yai. Bualoi alinishika kama mtu anayegombea kitu chake, nikaona haya, na katikati ya haya nikatamani asiache.

Ndipo Tui akakohoa.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?" mkewe akamwuliza kutoka upande wa pili.

"Mwaka jana, mliponirefushia maisha. Nilikata pungufu." Alikuwa anatazama nyayo zake zilizoungua. "Hakuna aliyehesabu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Mbona basi hukufa?" mama mkwe akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza mbona hukuja sokoni.

"Nilikuwa nimepanga jioni. Nikarudi nyumbani, nikamkuta huyu amepika supu ya tambi. Nikasema nile kwanza. Nikala, nikashiba, nikasinzia. Nikasema basi, kesho." Akajipangusa pua. "Tangu siku hiyo kila asubuhi najiambia kesho."

Mkewe alitoka nje ya ukumbi. Viatu vyote viko nje. Akarudi na ndara moja mkononi, akaanza kumchapa nayo kichwani, mabegani, mgongoni, na kila pigo na neno lake. "Supu! Ya tambi! Ndiyo! Iliyokuokoa! Na mimi! Sijui!" Halafu akaitupa, akamkumbatia kichwa, akalia kwa sauti ya kutisha. Na wanawake wengine wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kila mmoja kumtazama mume wake. Nusu ya wanaume wa ukumbi ule wana vifua kama vyangu. Niliwaona wakiinamisha macho.

"Wewe! Vyako vilikuwa vingapi?"

"Niache mbele za watu, mama!"

"Nimekuuliza vingapi!"

Mtu alipigwa kikumbo. Sinia ikaruka. Mwanamume mzima, mchongaji mwenye mabega kama mlango, alikuwa anakimbizwa kuzunguka nguzo na mkewe mfupi.

Katika vurugu ile mimi nilimwona dada yangu. Saengda alisimama, akaupita ugomvi bila kumgusa mtu, akashuka ngazi za hekalu.

Nilijua anakwenda wapi.

Matita hayatupwi baada ya ibada. Huegemezwa kwenye mti mtakatifu wa bodhi uani, kila moja na jina lake kwenye kibanzi cha mwanzi, yakae pale hadi yaoze yenyewe. La Kaewma, la ibada yake ya mwaka jana, lilikuwa pale.

"Dada!" nikaita. Nikashuka kumfuata, na Bualoi nyuma yangu, bado amenishika shati. Watu walipotuona wakaacha kupigana wakaja.

Saengda alikuwa ameshalipata. Alikaa kwenye mizizi, akakata uzi kwa meno, akaanza kuvipanga vijiti mchangani, kumi kumi. Hakutoa sauti, midomo tu ndiyo iliyocheza. Mafungu sita. Akapapasa mapajani, akakung'uta sketi. Akavivuruga vyote akaanza upya.

Mafungu sita tena.

"Alikuwa na miaka sitini," alisema. "Vilitakiwa sitini na kimoja."

"Vimeoza, dada," nikasema. "Mchwa wale. Mvua."

"Inpan. Tita hili lilifungwa na nani?"

Nikautazama uzi alioukata kwa meno.

"Nilikuona. Mlikaa barazani kwangu, wewe na yeye, nikawaletea wali wa kunata na pilipili. Uzi ulikuwa mkononi mwako."

"Nilifunga mimi."

"Mkeo kasema sasa hivi, mbele ya kijiji kizima, kwamba wewe unahesabu mpaka mapigo ya nyundo." Alinyanyua uso. "Ulihesabu?"

Ningeweza kusema hapana. Neno ni fupi, hata mwenye kifua changu angelimaliza kwa pumzi moja. Lakini nilikuwa nimeshautapika ukweli mmoja ukumbini, na mwingine ukafuata bila kuniomba ruhusa.

"Nilihesabu."

"Akasema nini?"

"Alinitazama tu. Halafu akasema, funga."

"Na wewe?"

"Nikafunga."

Siku tisa baada ya kufunga, Kaewma alikwenda machimboni. Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba ameteleza. Sikuwepo. Nilijua tu kwamba mtu lazima aseme kitu, na kwamba kuteleza hakuna aibu. Wakati huo Saengda alikuwa anajipiga kichwa kwenye nguzo, anasema nilimtuma mimi, nilimtuma mimi. Nikamshika mabega nikamwambia ameteleza, dada. Nilidhani nimemsaidia.

"Mwaka mzima," alisema sasa. "Mwaka mzima najiita muuaji kwa ajili ya tindo tatu. Unakuja kwangu, unakula wali wangu, unanifuta machozi. Ulijua anakwenda kufa siku tisa kabla! Siku tisa, Inpan! Ungeniambia ningelala mlangoni! Ningemfunga kamba kama ng'ombe!"

"Alinitazama, dada. Nilikuwa nakohoa kama yeye. Nilimwelewa."

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, na nililisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Alinirushia vijiti vyote usoni. Kimoja kilinichana shavu. Kisha akageuka kwenye kinu kikubwa kinachokaa chini ya mti ule, ambacho Kaewma alikichonga akakitoa sadaka kwa hekalu. Akauchomoa mchi wake wa jiwe, mzito kama paja la mtoto, akaunyanyua kwa mikono miwili. Watu wakarudi nyuma. Saman, mdomo umevimba, akapiga hatua moja mbele, mama mkwe akamzuia kwa fimbo.

"Wifi," Saengda alimwambia mke wangu. "Niachie huyo."

Bualoi alikuwa ananitazama mimi, na ngumi yake bado imelizungusha shati langu.

"Ulimwona mwenzako akifanya," aliniambia polepole. "Ukaona dada yako alivyobaki. Mwaka mzima unamwona. Kila siku unaona. Halafu ukakaa barazani kwangu ukanikatia mimi vile vile."

"Mama Onsi..."

"Ulijua nitabaki hivi."

Ngumi ikafunguka. Shati likashuka.

Kifua kikaniziba papo hapo, kikafunga kama mlango. Na mimi niliyekuja hekaluni nimeshaagana na dunia nilipiga magoti mchangani, nikaidaka sketi yake kwa mikono miwili, navuta hewa kwa mdomo wazi kama samaki, nataka kumwambia usiniachie, nataka kuishi, na hakuna neno hata moja lililotoka.

Bualoi akavibandua vidole vyangu kimoja kimoja, akarudi nyuma.

"Mchukue, wifi," akasema.